Moshi wa Bluu na Ndugu Yangu Ndung'u

Jumapili, Julai, Kitengela. Baridi ya kutia vidole kwapani. Mawingu yameshuka hadi kwenye matangi ya maji ya majirani, na vumbi halina habari kwamba kuna baridi, linaendelea na kazi yake kama kawaida. Mabega yananiuma. Sababu itafika, tulia.

Nina hasira. Nimeamka nazo, nimekunywa nazo chai, na sasa naandika nazo.

Wanaosoma ukurasa huu kila mara wanamjua Mfaransa. Kwa mgeni: Mfaransa ni gari la marehemu baba yangu, stesheni wagoni la zamani, refu, lenye viti safu tatu na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Baba alikuwa afisa wa mifugo na alizunguka nalo Kajiado yote akichanja ng'ombe za watu. Alipofariki, gari lilikaa chini ya turubai hapa kwenye ploti mpaka kuku wakaanza kuliona kama urithi wao. Mwaka huu nikaamua kulifufua. Mimi nina duka la dawa za mifugo, si fundi. Ninachojua kuhusu magari nimekijua kwa kutazama watu wakikosea.

Na hapa Kitengela nimepata mengi ya kutazama.

Injini ilifunguliwa yote, ikafanyiwa ovaholi. Silinda mpya, pistoni mpya, na ringi mpya, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni ili oili isipande juu ikaungua pamoja na petroli. Zikumbuke hizo ringi. Mimi nimezikumbuka mwezi mzima, hata kanisani.

Maana Mfaransa alipofufuka, alifufuka akivuta.

Moshi wa bluu, mzito, wenye harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Nasema bluu kwa sababu moshi huongea. Mweupe usioisha unasema maji yameingia kusikotakiwa, mweusi unasema petroli ni nyingi, na wa bluu unasema unachoma oili. Mfaransa alichoma oili akisimama, akitembea, akipanda, akishuka. Alivuta kama mzee aliyekatazwa na daktari.

Fundi anaitwa Mutiso. Gereji yake iko upande wa chini wa barabara ya Namanga, kati ya mti wa miiba na bango la mhubiri. Ni mtu mwenye mikono mizuri na masikio ya mapambo. Siku alipomaliza kufunga injini, alifanya kile ambacho gereji zetu zote hufanya: aliiwasha asubuhi na kuiacha ingurume palepale, gari halitembei, mpaka jioni. Eti izoee. Kesho yake akarudia. Ikawa kama sherehe ya kijiji. Watu walileta viti. Mama mmoja akahamishia jiko lake la mahindi pale, kwa kuwa wateja walikuwa wamejileta wenyewe. Mutiso alizunguka injini amekunja mikono kama baba wa mtoto aliyepita mtihani.

"Sikia hiyo sauti, madam," akaniambia. "Hiyo ni cherehani."

Nikasikia cherehani. Nikampigia makofi. Sote tulipiga.

Halafu akabandika karatasi kwenye kioo cha nyuma, INJINI MPYA, PITA TU, akanipa masharti. Nisimkanyagie mafuta. Nisimpandishe mlima. Nisimbebeshe mzigo. "Mpeleke kama bibi harusi, madam, mpaka azoee."

Basi nikampeleka kama bibi harusi. Nimepitwa na matrekta. Nimepitwa na mkokoteni wa maji, na mwenye punda akanitazama kwa huruma, na punda pia. Na kadiri nilivyombembeleza ndivyo moshi ulivyozidi.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilitoa plagi, zikatoka zimelowa oili kama mandazi. Mutiso akasema plagi ni feki. Nikanunua nyingine, nazo zikalowa. Akasema ni kabureta. Tukafungua kabureta, tukaisafisha, ikang'aa, moshi ukabaki. Akasema basi ni sili za valvu, akainua kichwa cha injini tena, akabadilisha, akafunga. Moshi ulikoma kwa muda mfupi tu, kama mgeni aliyesahau kofia, halafu ukarudi.

Mimi nikaazima kipimo cha presha. Ukipima silinda, halafu ukaidondoshea oili kidogo ndani na kupima tena, na presha ikapanda, basi ringi ndizo hazishiki ukuta. Ile oili imeziba mwanya kwa muda. Presha ilipanda. Nikamwonyesha Mutiso.

"Hiyo ni mambo ya mtandao, madam. Ringi ni mpya. Kitu mpya inaharibikaje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, fundi."

"Haijazoea."

Nilitaka kumpiga na kipimo. Nilikirudisha kwa mwenyewe kikiwa kizima, na hilo najipongeza.

Mtandaoni nako kuna makabila mawili. Kabila la kwanza linasema injini mpya ibembelezwe. La pili linasema ringi mpya hazishiki kwa kubembelezwa. Zinataka nguvu ya moto izisukume nje, zikwaruzane na ukuta wa silinda mpaka zizoeane nao. Ukiiacha injini ikinguruma bure siku nzima, kabila hili linasema, ukuta unakuwa mlaini kama kioo na ringi zinateleza tu, oili inapita. Dawa yao ni mlima, mzigo, gia ya chini na mguu sakafuni, mapema, kabla kioo hakijakomaa. Nilisoma nikafunga simu. Nikajiambia hao ni watu wenye bima. Mimi nina Mutiso.

Sasa Ndung'u.

Ndung'u ni kaka yangu mkubwa. Anakaa Matasia, anauza ploti za watu, na huvaa viatu vya ncha hata akienda kuonyesha mteja matope. Tangu siku ya kwanza hakutaka Mfaransa afufuliwe. Yeye ndiye aliyepata mnunuzi, mtu mwenye bustani ya nyama choma kule Ewuaso Kedong, ambaye hataki kuliendesha. Anataka kulipanda maua.

Narudia kwa wasioamini. Anataka kukata paa la gari la baba yangu, alijaze udongo na alipande maua, ili watu wapige picha wakingoja mbuzi.

Kadi ya gari ina jina la Mama, kwa hiyo neno ni la Mama. Na Mama alikuwa upande wangu mpaka Jumapili iliyopita, nilipomfikisha kanisani. Mfaransa alisimama mbele ya mlango wa kanisa na moshi ukaingia kabla yetu. Kwaya ikakohoa. Mwenyekiti wa akina mama akafungua dirisha akimtazama Mama moja kwa moja. Tulipofika nyumbani Mama akaweka Biblia mezani na kutamka hukumu.

"Wambui, hiyo gari yako imenitoa jasho mbele ya watu. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikiwa bado inavuta, Ndung'u aipeleke kwa mtu wake."

Ikiharibika ni gari yangu. Ikitengemaa ni ya Baba. Nimeona.

Jumamosi, yaani jana, ilifika na moshi wake. Ndung'u alitoka Matasia alfajiri akafika hapa kwa boda boda, amenyoa, anapiga mluzi. Kaka yangu hajawahi kufika mapema popote, hata kwenye harusi yake. Nikasema kama ni mazishi nitaendesha mimi. Mama akasema anakuja pia, anataka kuona sura ya mtu anayechukua gari la mumewe. Akapanda kiti cha kati na mkoba wake magotini. Ndung'u akakaa mbele, kando yangu.

Tukapita Tuala, tukapita Rongai, Kiserian, Matasia, mimi kwa mwendo wa bibi harusi, nyuma yetu msururu wa watu wakipiga honi. Ngong kulikuwa na ukungu, nikawasha taa. Halafu barabara ikaanza kuinama kuelekea bondeni. Hewa ikapata joto, miti ya miiba ikaanza. Nikawa nashuka nikimsikiliza Mfaransa kwa mara ya mwisho. Alisikika vizuri. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisikika vizuri.

Bustani ya yule mtu siwezi kuisahau. Tairi za trekta zimepakwa rangi ya waridi. Sinki la kuogea lina aloe. Friji imelazwa chali na ina geranium. Kila kitu kilichowahi kufanya kazi katika nchi hii, mtu huyu amekipanda maua.

Alitoka na gumbuti na futi ya kupimia. Hakusalimia gari. Alilipima.

"Paa tutakata hapa," akasema. "Milango tunachomelea. Injini tutatoa, maua haitaki injini."

Ndung'u akacheka. Nikaweka kicheko hicho mahali nitakapokipata.

Mama akashuka, akasimama kando ya mlango wa mbele, ule wa abiria, mahali pake kila aliposafiri na Baba. "Na hapa?"

"Hapo tutaweka ile ya kutambaa, mum. Itatokea kwa dirisha, imwagike hivi." Akaonyesha kwa vidole jinsi itakavyomwagika.

"Itamwagika," Mama akasema.

"Eh. Inapendeza sana kwa picha."

Mama akapanga leso yake begani. Akarudi kwenye kiti chake cha kati, akafunga mlango. Mlango wa Mfaransa hufungwa mara moja tu na wote husikia.

"Ndung'u, ingia. Kwanza tutafute mbolea."

"Mami, tumekuja kuacha gari."

"Sijakataa. Nimesema kwanza mbolea. Nitatoka Kitengela mpaka huku nirudi na mikono mitupu? Gari ikishindwa kupanda huo mlima, tutaiacha hapo hapo na mtu wako aje na trekta."

Ndivyo hali ilivyobaki. Mlima mmoja. Mfaransa akiukwea akiwa safi, anabaki. Akishindwa, au akiufukiza moshi, anapandwa maua ya kutambaa. Mutiso alikuwa amenikataza mlima na mzigo, na Mama alikuwa amenipa vyote viwili kwa pumzi moja.

Boma la mbolea lilikuwa kando ya barabara. Mwenyewe anaitwa Mama Naserian, mrefu, shanga shingoni, simu ikining'inia kati ya shanga. Mama akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!" na yeye akajibu, "Iko!" wakashikana mikono kama watu wenye biashara. Halafu akamtazama Mfaransa kutoka mbele hadi nyuma.

"Hii si gari ya Daktari?"

"Ndiyo hiyo," Mama akasema. Daktari ndivyo wafugaji walivyomwita Baba.

Akatazama bomba, lililokuwa bado linatoa uzi wa bluu. "Hapana. Ya Daktari haikuwa na moshi."

Ndung'u akanitazama akitabasamu. Nikamwambia ashuke abebe magunia.

Mama yangu hajui kununua mbolea ya kiasi. Mbolea ya mbuzi iliyokauka vizuri ni kitu anachoweza kukihubiri. Magunia yalijaa safu ya nyuma yakafika darini, mengine yakaingia miguuni pake, moja akalikumbatia. Ndung'u aliyabeba kwa viatu vya ncha. Kila gunia lililopanda, Mfaransa aliinama nyuma zaidi, mpaka pua ikaelekea mawinguni.

Tukaanza kupanda.

Mwanzoni nilienda kama nilivyofundishwa, mguu mwepesi, kwa adabu. Moshi ukafunga barabara nyuma yetu. Kulikuwa na mtu wa boda boda huko ndani ya moshi; sikumwona, nilimsikia tu. "Mathe! Unachoma nini?"

"Umesikia?" Ndung'u akasema. "Hata watu wa boda wanajua. Wewe peke yako ndiyo hujui."

"Nyamaza niendeshe."

"Unaendesha nini? Hii ni jiko. Ungeiacha pale, saa hii tungekuwa tunakula nyama."

"Ulicheka, Ndung'u. Yule mtu alisema injini itolewe ukacheka."

"Kwani nilie? Ni chuma, Wambui! Wewe unaibembeleza kama mtoto, mwezi mzima, Baba hivi, Baba vile. Kwani Baba alikuwa wako peke yako?"

Barabara ikawa kali. Nikarudi gia ya pili. Hapo sikumbuki kuamua lolote kuhusu mguu wangu wa kulia. Najua tu kwamba hasira zilikuwa zinashuka, na huko chini kulikuwa na pedali.

"Kama Baba alikuwa wako pia, kwa nini ulilifunika turubai ukaenda zako?"

"Kwa sababu niliisukuma!" Alipiga dashibodi kwa kiganja. "Kila asubuhi ya shule, hii gari haiwaki. Nani alisukuma? Mimi. Na yunifomu, na matope, na watoto wa shule wakiangalia. Baba ameshika usukani, na wewe umekaa mbele na soksi zako nyeupe unamwambia, Baba, nafikiri ni plagi! Wewe ulijifunza gari. Mimi nilijifunza kusukuma. Sasa unataka nililie?"

Mimi sikujua. Au nilijua kama unavyojua rangi ya ukuta wa nyumbani. Lakini sikuwa katika hali ya kukubali kitu.

"Na ni nani alikukataza kusema?" nikapiga kelele. "Ungesema!"

"Ningesema saa ngapi? Nikiwa nyuma ya gari?"

"Mwangalie barabara nyinyi wawili," Mama akasema kutoka nyuma ya gunia.

Mguu ulikuwa sakafuni. Mfaransa alikuwa akinguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu ovaholi, nzito, ya kifuani, sauti ya kazi. Ile cherehani ya Mutiso haikuwapo tena. Kona moja, ya pili, hatupunguzi. Tulipiga kelele juu yake na yeye akapiga kelele juu yetu. Ndung'u alinikumbusha mambo ya harusi yangu. Nikamkumbusha ploti aliyomuuzia binamu yetu, ile yenye mto ndani. Tulienda hivyo, kila mmoja akifungua gunia lake, na mlima haukuisha, na nashukuru haukuisha mapema.

Aliyeniamsha ni mtu wa boda. Kwenye kioo cha pembeni nikaona meno. Halafu kofia ngumu, halafu koti la njano, halafu mtu mzima juu ya pikipiki, na nyuma yake barabara, na nyuma ya barabara bonde lote la Ewuaso.

Nilikuwa sijaona nyuma yangu mwezi mzima.

Niliogopa kumwamsha Mfaransa. Niliachilia mguu kidogo, nikakanyaga tena, nikitazama kioo. Kikatoka kiuzi tu, chembamba, kikapotea. Mtu wa boda akatupita akipunga mkono kama mwanasiasa.

Ndung'u bado alikuwa kwenye habari za ploti. Kisha akaona ninavyotazama, naye akatazama kioo cha upande wake. Akateremsha dirisha, akatoa kichwa chote nje, akatazama bomba kule nyuma, nywele zikipepea.

"Ni ukungu," akasema alipoingiza kichwa.

"Nini ni ukungu?"

"Inaficha moshi. Moshi uko, ni ukungu inaficha."

Tulikuwa hatujafika kwenye ukungu bado. Tulifika baadaye, kule juu karibu na Ngong, na huko akafurahi, akawa ananionyesha weupe kila upande kana kwamba ni ushahidi. Nikasema moshi wa bluu hauwi mweupe kwa sababu wewe unauza ploti. Akasema ringi haziponi kwa makelele. Nikamweleza habari za kioo na ukuta na nguvu ya moto, kila kitu nilichosoma kwa lile kabila la pili na kukipuuza. Akauliza kama nilijua hivyo, kwa nini nimekaa mwezi mzima nikiendesha kama maiti? Nikamwita mjinga.

Mama ndiye aliyekata maneno. Oili haina ukungu, akasema. Mfaransa ajazwe oili mpaka kwenye alama, aendeshwe mpaka nyumbani, alale, na asubuhi injini ikiwa baridi dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, itoe ushahidi. Oili ikiwa imepungua, Ndung'u ampigie mtu wake.

Tulijaza palepale kando ya barabara, Ndung'u akiinamia kijiti pamoja nami kama wakala wa uchaguzi. Matasia ndipo Ndung'u alipopaswa kushuka. Hakushuka, kwa sababu alikuwa hajamaliza kugombana. Akaja mpaka Kitengela, akala ugali wangu akiukosoa, akalala kwenye kochi.

Leo asubuhi nilitoka nje nikiwa nimevaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Boneti ilikuwa juu tayari. Kaka yangu alikuwa amesimama pale amejifunga leso ya Mama, miguu kwenye slipa za bafuni, dipstiki mkononi. Aliipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni, kile kizuri cha kuonana na wateja. Akaichovya. Akaitoa, akaiinua kuelekea mwanga.

Akapangusa tena. Akachovya tena.

"Hiki kijiti ni kibaya," akasema bila kugeuka.

Nikasogea nikaona. Oili ilikuwa palepale kwenye alama, rangi ya asali, haijasogea.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe. "Inasema nini?"

Ndung'u akapangusa kijiti mara ya tatu. "Iko pale pale, Mami."

"Basi mwambieni mtu wa maua atafute friji nyingine." Akarudi ndani kuvaa nguo za kanisa.

Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Niliingia garini nikiwa nimeinua kidevu, nikakaa kama mshindi anavyokaa, nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikazungusha tena. Tik, dhaifu zaidi, kama mtu anayeomba msamaha. Nikatazama swichi. Zile taa nilizowasha kwenye ukungu wa Ngong zilikuwa zimekesha zikimulika ukuta wa choo mpaka betri ikaisha. Mwezi mzima natafuta ugonjwa wa injini, na nimelala na taa.

Ndung'u alifunga boneti polepole. Akaja upande wangu, akafungua mlango, akasimama hapo na leso yake. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu tukiwa watoto.

"Shuka," akasema.

"Ndung'u, gari imejaa mbolea."

"Najua. Niliibeba. Shuka."

Nikashuka. Akaingia, akarekebisha kiti, akarekebisha kioo, akachukua muda wake na kioo. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Sukuma."

Kwa hiyo nimesukuma. Kutoka kwenye ploti, kupita geti, hadi kwenye kale kamteremko kanakoelekea barabara ya kanisa, bega langu kwenye chuma baridi, slipa zikiteleza kwenye vumbi, pua yangu kwenye mbolea ya mbuzi wa Ewuaso. Majirani walikuwa wakipita na suti na Biblia. Walinisalimia vizuri sana. Hakuna aliyesaidia. Mwenyekiti wa akina mama alisimama kabisa. Na kutoka mbele, kupitia dirishani, kaka yangu alikuwa akiniuliza kwa sauti ya upole, "Wambui, unafikiri ni plagi?"

Kwenye mteremko akaachilia klachi. Mfaransa akakohoa mara moja, akawaka. Nilibaki nimeinama katikati ya barabara, mikono magotini, uso sawa na bomba. Nikangoja kupigwa na moshi.

Hakukutoka kitu. Hewa ya moto tu, na harufu ya petroli, safi kama nilivyoikumbuka kutoka kiti cha mbele.

Ndung'u hakusimama. Alikunja kona ya kanisa, nikasikia akibadilisha gia na kukanyaga, kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira zake binafsi, mpaka sauti ikapotea upande wa barabara kubwa. Mama amekosa ibada ya kwanza akimngoja. Sasa nimemaliza kuandika yote haya na bado hajarudi.

Kesho nitapita kwa Mutiso, nimweleze kuhusu ringi, na sitamweleza kwa upole. Betri sijui. Duka la betri liko njiani kabisa, na nina haki ya kununua moja. Lakini je, ninunue kesho, au nimwache Mfaransa awashwe kwa kusukumwa wiki moja zaidi, mimi nyuma na Ndung'u kwenye usukani?